Mfuko kwa Waziri, Lawama kwa Bodi: Mjadala wa Shule za Ontario

Tarehe 27 Juni 2025, mwaka wa masomo ukiwa umefika ukingoni, Waziri wa Elimu wa jimbo la Ontario nchini Kanada, Paul Calandra, alizivua mamlaka bodi nne za shule kwa mpigo: bodi ya umma ya Toronto, bodi ya Kikatoliki ya Toronto, bodi ya umma ya Ottawa-Carleton na bodi ya Kikatoliki ya Dufferin-Peel. Bodi ya Thames Valley, ya mji wa London uliomo humohumo Ontario, ilikuwa imetangulia mwezi Aprili. Wadhamini waliochaguliwa kwa kura walibaki na vyeo bila kazi, na kila bodi ikapewa msimamizi mmoja aliyeteuliwa na serikali.

Msomaji wa Dar es Salaam au Kisumu asidhani tunazungumzia kamati ya wazazi ya shule moja. Bodi ya umma ya Toronto peke yake ina shule zaidi ya 550 na wanafunzi zaidi ya laki mbili, na hakuna kubwa kuliko hiyo Kanada nzima. Ontario ina bodi 72 katika mifumo minne, yote ikilipiwa na umma: ya Kiingereza, ya Kifaransa, na Wakatoliki wa kila lugha na bodi zao. Wadhamini huchaguliwa kila baada ya miaka minne, siku moja na meya na madiwani. Kazi yao ni kupitisha bajeti, kumwajiri mkurugenzi, kuamua shule ifunguliwe wapi, na kupokea simu za wazazi waliokwisha kuzungushwa ofisi zote.

Nimewaketisha watu watatu wazungumze. Wao nimewabuni; mambo wanayoyataja sikuyabuni. Mwalimu ni mstaafu aliyefundisha Tanga kisha Scarborough, mjini Toronto. Mhasibu ni Mkenya wa makamo anayeishi Ottawa. Mama ni mzaliwa wa Bukavu, anakaa Brampton, na watoto wake wanasoma katika bodi mbili tofauti.

MHASIBU: Mwalimu, kwa ruhusa yako nianze, maana mimi ni mtu wa hesabu na hesabu haihitaji maneno mengi. Sheria inaitaka bodi ipitishe bajeti isiyo na nakisi. Ukiteleza mwaka mmoja, watu watakuelewa. Ottawa-Carleton imeteleza mwaka baada ya mwaka, akiba ikaliwa mpaka ikaisha. Hizi ni fedha za walipa kodi. Halafu unasoma gazetini kwamba wakubwa wa Thames Valley mwaka 2024 walikwenda mafungo Toronto, wakalala katika hoteli iliyo ndani ya uwanja wa besiboli, bili ikakaribia dola 40,000. Na wadhamini wanne wa bodi ya Kikatoliki ya Brant Haldimand Norfolk wakapanda ndege kwenda Italia kununua sanamu na michoro ya kupamba shule mpya. Waziri angekaa kimya?

MWALIMU: Umeanza vizuri, mwanangu, ila umechanganya mafaili. Waliolala hoteli ya uwanjani walikuwa maofisa wa kuajiriwa. Wadhamini hawakuwamo. Na bodi iliyokwenda Italia haikuwa miongoni mwa zile nne za Juni. Tumeonyeshwa picha ya mwizi, kisha akakamatwa jirani yake. Ukiziondoa hadithi hizo mbili, linabaki neno moja tu, nakisi. Sasa niulize nakisi hiyo imetoka wapi.

MHASIBU: Imetoka kwa watu wasiojua kusema hapana.

MWALIMU: Imetoka mwaka 1997. Kabla ya hapo bodi ya shule ilikuwa na uwezo wa kutoza kodi ya nyumba. Bodi za umma za Toronto ziliendeshwa karibu kabisa na kodi iliyotozwa humohumo mjini. Mdhamini akitaka kuongeza walimu, alipandisha kodi, na mwenye nyumba akichukia alimwondoa kwenye kura. Ulikuwa mkataba unaoeleweka. Akaja Mike Harris, waziri mkuu wa jimbo. Serikali yake ikapunguza bodi kutoka 129 hadi 72, kisha kwa Muswada namba 160 ikachukua uwezo wa kutoza kodi. Walimu wapatao 126,000 wakaacha kazi wiki mbili kuupinga. Tangu 1998 waziri ndiye anayepanga kiasi cha fedha kwa kila mwanafunzi, na bodi inapokea inachopewa. Halafu fedha zikipungua, anayeshtakiwa ni bodi!

MHASIBU: Mzee, usiufanye ule wakati wa kodi ya nyumba kuwa pepo. Toronto ilikuwa na majengo ya benki na ofisi ya kutoza. Mji mdogo wa kaskazini ulikuwa na nini? Mtoto wa huko alisoma kwa kiasi ambacho nyumba za kwao zingeweza kuzaa. Serikali ilipochukua kodi, angalau mtoto wa kaskazini na wa Toronto waliingia katika kitabu kimoja.

MWALIMU: Hilo nakubali, na kwa hilo sitaki turudi 1996. Ninachosema ni kwamba aliyeshika mfuko asimlaumu asiyeushika.

Hapa nawakatiza kidogo, kwa sababu jambo hili limewahi kujaribiwa na matokeo yake yanajulikana. Mwaka 2002 bodi tatu, Toronto, Ottawa-Carleton na Hamilton-Wentworth, zilikataa kupitisha bajeti zilizosawazishwa. Wadhamini wake hawakuwa wamekosea hesabu. Walisema wazi kwamba fedha za jimbo hazitoshi na kwamba hawatatia sahihi kupunguza huduma za watoto. Serikali ikawapeleka wasimamizi. Lakini mwaka huohuo serikali hiyohiyo ilikuwa imemteua Mordechai Rozanski, aliyekuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Guelph, aichunguze kanuni ya ugawaji fedha. Desemba 2002 alitoa ripoti yake: viwango vya gharama vilikuwa vimepitwa na wakati, na shule za Ontario zilihitaji nyongeza ya takriban dola bilioni 1.8. Kwa maneno mengine, bodi zilizoadhibiwa zilikuwa zimesema kweli, na aliyezithibitisha ni mchunguzi wa serikali yenyewe. Mwaka 2003 chama tawala kilishindwa uchaguzi, na bodi zikarudishiwa kazi yao.

Kwangu mimi hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia hii, na nashangaa halitajwi mara nyingi zaidi.

MHASIBU: Ya 2002 ni ya 2002. Leo bodi ya Toronto ina shule ambazo nusu ya viti ni vitupu. Unapasha moto jengo zima, unalipa mkuu wa shule, unalipa wasafishaji, kwa watoto wachache. Mfanyabiashara yeyote angefunga baadhi.

MWALIMU: Wamekatazwa. Tangu 2017 kuna amri ya jimbo inayozuia bodi kuanzisha mchakato wa kufunga shule. Na wakiuza kiwanja, fedha zake ni za majengo. Haziruhusiwi kuziba pengo la mishahara. Tena mchango wa mwajiri katika pensheni ya taifa umepanda, na bodi zinalalamika kwamba jimbo halijawafidia. Na watoto wenye mahitaji maalumu, bodi nyingi zinatumia kwao zaidi ya wanachopewa, kwa sababu ukimnyima mtoto huyo msaidizi wa mwalimu, hasomi. Sasa niambie, wewe mhasibu: mtu aliyefungwa mikono kwenye mapato na kwenye matumizi, anasawazishaje kitabu?

MHASIBU: (Kimya kidogo.) Anaandika barua kali.

MWALIMU: Wameandika. Jibu ndilo hilo la Juni.

MAMA: Samahanini, wakubwa. Mmezungumza pesa tangu mlipokaa. Mimi nakaa Brampton, katika eneo la bodi ya umma ya Peel, na nitawaambia habari ambayo haina dola ndani yake. Mwaka 2019 wizara ilileta wachunguzi Peel kwa sababu wazazi Weusi walikuwa wamelalamika mpaka sauti zikakauka. Ripoti ikatoka 2020. Wanafunzi Weusi walikuwa kama asilimia 10 ya wanafunzi wa sekondari, lakini waliosimamishwa masomo walikuwa zaidi ya asilimia 22. Ripoti ilitaja watoto kusimamishwa kwa sababu ya sweta yenye kofia, au hereni za pete. Sweta, baba! Baridi ya Februari mnaijua wenyewe. Na wadhamini hawa mnaowaita sauti ya wananchi walikuwapo, wamechaguliwa, wanakaa vikao. Waziri wa wakati huo, Stephen Lecce, aliwapa maagizo 27, yakaenda kwa kusuasua. Juni 2020 akaleta msimamizi. Mimi sikulia.

MWALIMU: Hapo, mama, sina la kupinga.

MAMA: Unalo, sema tu.

MWALIMU: Ninalo dogo. Peel waziri alianza na uchunguzi, watu wakasikilizwa mmoja mmoja, ripoti ikachapishwa, maagizo yakatolewa, muda ukapita, ukafanywa uchunguzi wa pili, ndipo msimamizi akaja. Na msimamizi mwenyewe, Bruce Rodrigues, alikuwa mtu wa elimu, amefundisha, amekuwa naibu waziri. Kazi ilijulikana ni ipi, na 2023 bodi ikarudi mikononi mwa wadhamini wapya. Linganisha na walioteuliwa 2025. Dufferin-Peel imepewa Rick Byers, aliyekuwa mbunge wa chama tawala mpaka mwanzoni mwa mwaka huohuo. Wengine ni watu wa sheria, fedha na siasa. Darasani hawajulikani.

MHASIBU: Kama tatizo ni fedha, kwa nini asiletwe mtu wa fedha? Mfereji ukipasuka humwiti mwalimu wa Kiswahili.

MWALIMU: (Anacheka.) Mwalimu wa Kiswahili angalau angeuliza nani aliupasua.

MAMA: Niongeze jambo. Nilipofika nchi hii nilikaa miaka kabla ya kupata uraia. Kodi nalipa, mtoto yuko darasani, lakini kura ya mdhamini sina, kwa sababu Ontario anapiga kura raia tu. Sasa mkiniambia demokrasia ya bodi imeuawa, nauliza: ilikuwa imezaliwa kwangu lini?

MHASIBU: Asante, dada! Na hata wenye kura hawazitumii. Mwulize mtu yeyote hapa jina la mdhamini wake, atakutajia mchezaji wa Arsenal. Karatasi ya kura ndefu, meya juu, diwani kati, mdhamini chini kabisa. Watu wengi wanafika pale wamechoka au wanatia alama kwa jina wanalolijua. Waziri naye amechaguliwa, tena katika uchaguzi ambao watu wanaujua. Akikosea, tunajua pa kumkuta.

MWALIMU: Tunamkuta wapi? Jimbo lina wanafunzi milioni mbili. Mdhamini wangu nilimkuta kanisani.

MAMA: Wangu alinipokelea simu, hilo nakiri. Mara moja. Basi la shule lilikuwa linamwacha mtoto upande wa pili wa barabara kubwa, hakuna kivuko. Ofisini niliambiwa nijaze fomu. Mdhamini alipiga simu, wiki iliyofuata kituo kikahamishwa.

MHASIBU: Bodi zilizo chini ya wasimamizi zimeagizwa kufungua ofisi ya kusaidia wanafunzi na familia. Utapiga huko.

MAMA: Na nitaambiwa nijaze fomu.

MHASIBU: Huenda. Lakini basi angalau lawama itakuwa na anwani moja.

Ni hoja nzuri kuliko anavyodhani mwenyewe, na Mwalimu hakuijibu sawasawa. Anayelinda bodi hana budi kukiri kwamba mpangilio wa sasa unampa kila mtu mahali pa kujificha. Bodi husema jimbo halikutoa fedha, jimbo husema bodi haikupanga, na mzazi amesimama katikati na mtoto mkononi. Kama serikali inataka kuendesha shule yenyewe, ichukue na lawama yake, waziri ajibu kuhusu kivuko cha Brampton. Tatizo ni kwamba haijasema hivyo. Novemba 2025 bunge la jimbo lilipitisha Muswada namba 33, unaompanulia waziri milango ya kuchunguza na kuchukua bodi, lakini bodi zenyewe zikaachwa kisheria. Zipo pale zikihitajika kulaumiwa.

MWALIMU: Sisi Watanzania tunaujua mchezo huu. Kuanzia mwaka 1972 serikali ilifuta halmashauri za wilaya na miji. Sababu zilikuwa hizihizi: hazijui kazi, hazina hesabu, watu wa makao makuu wataleta maendeleo upesi. Miaka kumi baadaye sheria ikatungwa kuzirudisha, na Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Wasomi waliotumwa mikoani walikuwa hodari. Walichokosa ni mtu wa pale kijijini wa kuwaambia kisima kimeharibika.

MHASIBU: Na sisi Kenya tulifanya kinyume, tukaleta kaunti mwaka 2013. Elimu waliyopewa magavana ni chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari zilibaki Nairobi, mwalimu anaajiriwa na TSC, tume ya taifa ya walimu. Mbona hamkuandamana kuzidai?

MWALIMU: Mie si Mkenya, uliza wako.

MAMA: Turudi Kanada. Mtoto wangu wa mwisho anasoma shule ya Kifaransa, bodi ya Viamonde. Sisi wa Kongo tuna Kifaransa, tunapokelewa. Na huko nimeona kitu. Siku hizi jimbo likitaka kufuta bodi, za Kifaransa zinaachwa. Nova Scotia mwaka 2018 walifuta bodi saba za Kiingereza, ile ya Waakadia, wasema Kifaransa wa huko, haikuguswa. Manitoba 2021 walileta Muswada namba 64 wa kufuta bodi zote isipokuwa ya Kifaransa, wananchi wakapiga kelele, waziri mkuu wa jimbo akaondoka, muswada ukatupwa. Quebec 2020 walifuta bodi za Kifaransa, wao huko ndio wengi, lakini za Kiingereza zikakimbilia mahakamani, na mahakama ya rufani ikazilinda mwaka 2025. Unaona mpangilio wake?

MWALIMU: Kifungu cha 23 cha Mkataba wa Haki wa Kanada. Jamii ya lugha yenye watu wachache ina haki ya kuongoza shule zake. Mahakama ya Juu ilisema hivyo katika kesi ya Mahé dhidi ya Alberta mwaka 1990. Na Wakatoliki wa Ontario wana kifungu cha 93 cha katiba ya 1867. Wengine wote, bodi zao ni viumbe vya jimbo, linaziumba, linaziua.

MAMA: Ndiyo nasema. Walipoandika katiba walijua kwamba mkubwa akiachiwa shule za mdogo, mdogo atapotea. Wakawapa Wafaransa kufuli, Wakatoliki kufuli. Mtu Mweusi wa Peel hakupewa. Mswahili hakupewa. Sisi kinga yetu ni moja ya mambo mawili: mdhamini tunayeweza kumchagua, au waziri mwenye huruma siku hiyo. Mwaka 2020 tulipata waziri. Sijui kama nataka watoto wangu waishi kwa bahati ya aina hiyo.

MHASIBU: Dada, hapo umenigeuka.

MAMA: Sijakugeuka. Msimamizi wa Peel nilimtaka na leo ningemtaka tena. Lakini alikuja kwa sababu watoto wetu walikuwa wanaumizwa. Wa Toronto amekuja kwa sababu ya karatasi ya bajeti. Kuna waziri mwingine atakayekuja kwa sababu bodi imemsumbua kisiasa. British Columbia, Januari 2025, serikali iliiondoa bodi nzima ya Victoria kwa ubishi kuhusu polisi shuleni. Labda bodi ilikosea, labda haikukosea, lakini hapo hakukuwa na pesa iliyopotea wala sanamu ya Italia. Mlango ni uleule, na kila waziri anaupanua kidogo.

MHASIBU: Basi niambieni mnataka nini, maana kulalamika si bajeti.

Hapo mazungumzo yalitawanyika, kama yatawanyikavyo mazungumzo yetu, kila mtu akishika lake. Mhasibu aliendelea kushikilia kwamba nakisi ni nakisi. Mwalimu alirudi kwenye 1997. Kwa hiyo jibu nalitoa mimi.

Serikali ya jimbo inayo haki ya kuichukua bodi, na Peel inaonyesha kwamba mara nyingine inao wajibu. Haki hiyo itumike pale mtoto anapodhulumiwa au fedha zinapoibwa, baada ya uchunguzi ambao wazazi, wenye kura na wasio na kura, wamesikilizwa ndani yake na ripoti yake imechapishwa. Siku anapoteuliwa msimamizi, tarehe ya kuirudisha bodi itangazwe, na msimamizi asiwe mtu wa chama cha waziri. Nakisi peke yake isitoshe, si maadamu anayepanga mapato ya bodi ndiye huyohuyo anayeihukumu kwa kupungukiwa. Kabla ya kumpeleka msimamizi Toronto au Ottawa, waziri alipaswa kumwita mchunguzi huru akague kanuni ya fedha, kama alivyofanya Rozanski, kisha aonyeshe hadharani ni dola ngapi za nakisi zilitokana na uzembe wa wadhamini na ngapi zilitokana na uamuzi wa jimbo lenyewe. Hakufanya hivyo.

Na wewe uliyepata uraia wa nchi ile: karatasi ya kura ikija mkononi, isome mpaka chini, kwenye majina ya wadhamini, kabla ya kuikunja.